Asidi Ikishatoa Protoni Haiendi Mbali

Walimu wangu, wakemia wenzangu, wanafunzi mliojibana huko nyuma, na ninyi mlioingia kwa sababu tu mlango ulikuwa wazi: karibuni, na asanteni kwa kuja.

Hapa mezani nimeleta kitu. Ni modeli ya molekuli moja, vijiti na tufe za plastiki. Kuiunga kumenichukua jioni nzima, na hadi sasa tufe mbili za haidrojeni sijui zilikoviringikia. Nitairudia baadaye. Kwa sasa itazameni kwa mbali tu. Ina kuta mbili, na katikati ya kuta kuna upenyo. Yote nitakayosema asubuhi hii yanahusu kinachotokea ndani ya upenyo huo, pale asidi inapochagua umbo la molekuli inayozaliwa.

Tuanze na amini. Jina lenyewe linachekesha kidogo katika lugha yetu, maana mwalimu akiandika ubaoni "amini hii", mwanafunzi mgeni anadhani anaombwa asadiki. Chukua amonia, ing'oe haidrojeni moja, weka kaboni mahali pake: hiyo ni amini. Adrenalini inayokupandisha mapigo ya moyo ni amini. Asidi amino zinazojenga protini zimebeba kikundi hicho hicho. Na ukifungua orodha ya dawa, utachoka kuhesabu molekuli zenye naitrojeni ya namna hii.

Sasa, kaboni iliyopakana na naitrojeni ikiwa imeshika vitu vinne visivyofanana, molekuli inapata mkono. Kuna ya kulia na kuna ya kushoto. Zina atomu zile zile, zimefungamana kwa mpangilio ule ule, lakini moja ni taswira ya nyingine kwenye kioo, na hata uzigeuze vipi hazilaliani. Molekuli za namna hii tunaziita kairali. Lord Kelvin ndiye aliyetoa jina hilo, akilichota kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya mkono. Mtu atauliza, mbona kaboni na si naitrojeni yenyewe, nayo si ina vikundi vitatu na jozi ya elektroni? Ni swali zuri. Naitrojeni haitulii. Inapinduka kama mwavuli uliokumbwa na upepo, na katika amonia upinduaji huo hutokea mabilioni ya mara kwa sekunde moja. Huwezi kumwita mtu wa mkono wa kushoto ikiwa anabadilisha mkono kila kukicha. Kaboni ikikaa, imekaa.

Mwili unajali mkono kwa sababu wenyewe umejengwa kwa mkono mmoja. Chukua etambutoli, dawa ya kifua kikuu. Molekuli yake ina kaboni mbili za namna niliyoeleza, kila moja jirani na naitrojeni yake. Kwa hiyo maumbo yanayowezekana ni matatu: kulia-kulia, kushoto-kushoto, na lile lenye moja ya kila upande. Dawa ni umbo moja tu kati ya hayo. Mengine mawili hayafui dafu mbele ya vijidudu, ila ini na figo zitalazimika kuyashughulikia vilevile.

Najua wengi mnasubiri nitaje thalidomaidi, dawa iliyolemaza watoto wakiwa bado tumboni. Sitakaa hapo, kwa sababu kisa hicho husimuliwa nusu. Watu husema kwamba lau mama wajawazito wangepewa mkono mmoja tu, watoto wangesalimika. Si kweli. Ndani ya mwili thalidomaidi inageuka kutoka mkono huu kwenda ule. Yale yalikuwa maafa ya dawa kuuzwa bila kupimwa ipasavyo kwa wajawazito, na usafi wa mkono usingeyazuia.

Tulipataje kutenganisha mikono hii? Mwaka 1848 Louis Pasteur, kijana wa miaka 25, aliangalia kwa hadubini fuwele za chumvi ya asidi aliyoijua vizuri, inayotokana na mvinyo. Akaona fuwele ni za aina mbili, moja kioo cha nyingine. Akachukua kibano na kuanza kuzichambua moja moja, kama mtu anayechambua mchele. Alipoziyeyusha, lundo moja lilizungusha mwanga uliopolarishwa upande huu, na lundo la pili upande wa pili. Ilikuwa bahati kubwa, kwa kuwa chumvi chache mno hugawanyika kwa hisani namna hiyo.

Mimi lakini kinachonivutia zaidi ni alichofanya miaka mitano baadaye, mwaka 1853. Aliacha kibano. Alichukua amini kairali zinazotokana na dawa za magome ya mkwinini, akazikutanisha na asidi yake ile ya mvinyo, ya kulia na ya kushoto zikiwa zimechanganyika. Asidi ya kulia na amini hutengeneza chumvi moja, ya kushoto hutengeneza nyingine, na chumvi hizo mbili si picha za kioo tena. Moja huganda upesi, nyingine hubaki kwenye maji. Yaani amini ndiyo iliyoichagua asidi.

Wakemia waliokuja baadaye waligeuza mambo: wakachukua asidi kuchagua amini. Hadi leo wanafunzi hufundishwa hivyo. Fenilietilamini, amini kairali iliyochanganyika mikono nusu kwa nusu, inatiwa asidi ya tartari, ile ile ya mvinyo, ndani ya methanoli, inaachwa usiku kucha, na asubuhi fuwele za mkono mmoja zimeshuka chini. Inapendeza kuiona. Ila kuna hesabu isiyopendeza: hata kazi ikienda bila dosari, nusu ya amini yako ni ya mkono usioutaka. Umeinunulia malighafi, umeipikia, umeisafisha, kisha unaitazama ndani ya chupa ya taka. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na mimi kwa hili nadiriki kubishana nao. Katika kazi yetu, asiyechagua mapema analima shamba zima na kuvuna nusu.

Tunachotaka ni kuchagua kabla, wakati amini inazaliwa.

Njia moja ya kuizaa ni kupitia imini. Unachukua ketoni, molekuli yenye kaboni iliyoshika oksijeni kwa kifungo maradufu, unaikutanisha na amini sahili, maji yanatoka, unabaki na kaboni iliyofungamana na naitrojeni kwa kifungo maradufu. Imini ni bapa kama jani. Ukiiongezea haidrojeni kutoka juu ya jani, unapata mkono mmoja. Ukiiongeza kutoka chini, unapata wa pili. Kwa macho ya haidrojeni isiyo na mwongozo, juu na chini ni sawa kabisa, ndiyo maana matokeo ni nusu kwa nusu. Mtu anatakiwa asimame upande mmoja wa jani na kusema: huku hapapitiki.

Kwa miaka mingi walinzi hao walikuwa metali: rodiamu, ruteniamu, iridiamu, zikiwa zimevishwa molekuli kairali. Kazi yao ni kubwa, na sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 2001, iliyowaendea William Knowles na Ryoji Noyori, ilihusu uongezaji wa haidrojeni wa namna hiyo. Asidi haikufikiriwa sana. Na sababu yake ilionekana ya busara. Asidi inafanya kazi kwa kutoa protoni, yaani haidrojeni iliyovuliwa elektroni yake, na protoni ni nukta tupu. Haina juu wala chini, haina kulia wala kushoto. Kitu kisicho na mkono kitachaguaje mkono?

Nimefika kwenye jambo lililonileta hapa, na ningependa tukae nalo kidogo.

Vitabu vya shule vinatuzoesha kuandika asidi inatoa protoni, kisha tunaisahau. Tunachora mshale, tunaandika H na alama ya kujumlisha, na ile sehemu iliyobaki, yenye chaji hasi, tunaiacha pembeni kama ganda la karanga. Ndani ya maji hilo halina madhara makubwa, maana molekuli za maji huzunguka kila ayoni na kuitenga na mwenzake. Lakini toa maji. Weka tolueni, kimiminika kisichopenda chaji hata kidogo. Imini ikipokea protoni inakuwa na chaji chanya, na ganda lile lina chaji hasi, na wote wawili wako katikati ya umati usiowataka. Wataenda wapi? Watashikana. Asidi imetoa protoni, lakini haikuondoka. Imekaa ubavuni mwa imini, imeiegemea, inaishika kwa kifungo cha haidrojeni. Sasa kama ganda hilo lina umbo la mkono mmoja, imini itashambuliwa ikiwa imebanwa ndani ya umbo hilo. Protoni inaamsha tu. Kinachochagua ni kile kilichobaki nyuma.

Dalili zilianza kuonekana kabla. Mwaka 1998 Matthew Sigman na Eric Jacobsen walikuwa wakijaribu molekuli kairali nyingi pamoja na metali mbalimbali, wakitafuta kichocheo cha kuongeza sianidi kwenye imini. Jaribio lililofanya vizuri zaidi katika kundi la mwanzo likawa lile ambalo halikutiwa metali yoyote. Molekuli yenyewe, kwa vifungo vyake vya haidrojeni, ilikuwa ikiishika imini. Ningetoa kitu kikubwa kuona sura zao asubuhi ile. Mwaka 2000 Benjamin List na wenzake wakaonyesha uwezo wa prolini, asidi amino ya kawaida kabisa, kuchochea na kuchagua mkono bila metali, na David MacMillan akaonyesha amini zake zilizofungwa pete. Wawili hao ndio waliopewa Nobel ya mwaka 2021.

Kisha mwaka 2004, nchini Japani, makundi mawili yaliyokuwa yakifanya kazi kila moja kivyake, la Takahiko Akiyama na la Masahiro Terada, yalitangaza asidi ya fosfori iliyojengwa juu ya binoli. Yote mawili yaliitumia kwenye mmenyuko wa Mannich, ambamo kaboni mpya inaungwa kwenye imini na amini kairali inazaliwa.

Modeli yangu ndiyo hiyo, au tuseme ni ndugu yake mdogo.

Tazameni. Hapa nyuma ndiyo binoli: vipande viwili bapa, kila kimoja ni pete mbili za kaboni zilizoshikana, na kati yao kuna kifungo kimoja. Kwa kawaida kifungo kimoja huzunguka kama bawaba. Hapa hakizunguki, kwa sababu vipande vikitaka kupishana vinagongana. Vimebaki vimepinda, kimoja mbele kimoja nyuma, na kupinda huko kuna mkono: kulia au kushoto. Hakuna kaboni hata moja yenye vikundi vinne tofauti, lakini molekuli nzima ni kairali. Huku mbele ni fosforasi. Imeshikwa na oksijeni mbili za binoli ndani ya pete, kwa hiyo haiwezi kujigeuza. Na ina oksijeni nyingine mbili: moja imebeba haidrojeni, hiyo ndiyo asidi, ya pili haina haidrojeni, ina kiu tu. Uzuri wa umbo hili ni kwamba ukilizungusha nusu duara linajirudia lilivyo. Protoni ikae kwenye oksijeni hii au ile, hali ni ile ile. Hakuna wasiwasi wa imini kuingia kwa mlango usiofaa.

Na hizi ndizo kuta. Kwenye mfano huu kila ukuta ni pete ya benzini iliyobeba matawi matatu manene. Kundi la List ndilo lililotumia kuta hizi mwaka 2005, na wakemia huiita asidi hii TRIP. Kuta zikiondolewa, kinachobaki bado ni asidi, bado kina mkono kwa mbali huko nyuma, lakini uwezo wa kuchagua unaporomoka.

Mwaka huo huo wa 2005, kundi la Magnus Rueping na kundi la List walitumia asidi za jamii hii kugeuza imini za ketoni kuwa amini. Haidrojeni haikutoka kwenye mtungi wa gesi. Ilitoka kwenye esta ya Hantzsch, unga wa njano hafifu ambao kwa kazi yake ni binamu wa NADH, ile molekuli ambayo seli zetu hutumia kubeba haidrojeni. Na hapa oksijeni ile yenye kiu inaonyesha thamani yake. Oksijeni moja ya fosforasi imeishika imini iliyopokea protoni. Oksijeni ya pili inaishika esta ya Hantzsch kwa haidrojeni ya naitrojeni yake. Mpaji na mpokeaji wameshikwa pamoja, ndani ya upenyo mmoja, kati ya kuta mbili, na haidrojeni inavuka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine upande mmoja wa jani. Kidole kimoja hakivunji chawa. Asidi hii inafanya kazi kwa viwili.

Kwa vipimo vya mezani: chukua miligramu 225 za imini iliyotengenezwa kwa asetofenoni na anisidini. Hiyo ni milimoli moja. Esta ya Hantzsch, miligramu 354. Tolueni, joto la nyuzi 35. Na asidi? Miligramu saba na nusu. Ukiziweka kwenye ncha ya kijiko cha maabara utadhani ni vumbi. Kwa moli, ni molekuli moja ya asidi kwa kila imini 100, na kila asidi inapaswa kuhudumia imini moja, kuiachia, kushika ya pili, mpaka zote ziishe. Inachukua siku mbili tatu. Si kemia ya mtu mwenye haraka.

Tofauti ya nguvu inayofanya uchaguzi huu ni ndogo kiasi cha kutia haya. Ili upate 95 za mkono mmoja kwa 5 za mwingine kwenye joto la kawaida, njia isiyotakiwa inatosha iwe na kilima cha nishati kirefu zaidi kwa kilojuli 7 hivi kwa moli. Kwa 99 kwa 1, kilojuli 11 na kitu. Kifungo cha haidrojeni kati ya molekuli mbili za maji kina kama kilojuli 20. Kwa maneno mengine, tofauti ya dawa safi na mchanganyiko usiofaa ni sehemu ya kifungo kimoja dhaifu. Ndiyo maana tawi moja likibadilishwa ukutani kila kitu hubadilika, na ndiyo maana mtu anayekuambia alibuni kichocheo chake kwa kufikiri tu, bila kujaribu hamsini vilivyoshindwa, msikilize kwa heshima kisha uombe kuona daftari lake.

Daftari langu mimi lina ukurasa ambao kwa miaka mingi sikumwonyesha mtu. Nilikuwa mwanafunzi. Chupa yangu ya kwanza ya asidi ilifanya kazi vizuri, ikaisha, nikatengeneza ya pili. Nikaipitisha kwenye jeli ya silika kuisafisha, ikatoka nyeupe kama pamba. Nikaipima, nikaitumia. Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, imini imekaa vile vile, esta ya Hantzsch ni ya njano vile vile. Nikabadilisha tolueni. Nikabadilisha imini. Nikalaumu mizani, nikamlaumu na aliyeitumia mizani kabla yangu. Wiki ikaisha. Dada mmoja aliyenitangulia maabara akapita nyuma yangu, akaishika chupa, akaitikisa kidogo.

"Mdogo wangu, hii uliiosha?"

"Dada, nimeipitisha kwenye silika mara mbili!"

"Sijauliza silika. Nimeuliza asidi. Uliiosha kwa haidrokloriki?"

Sikuwa nimeiosha. Jeli ya silika huwa na mabaki ya metali, kalsiamu ikiwemo, na asidi ya fosfori inazishika kwa furaha. Nilichokuwa nacho kwa sehemu kubwa kilikuwa chumvi. Niliiyeyusha, nikaitikisa na asidi ya haidrokloriki kwenye faneli ya kutenganisha, nikaikausha, nikaanza upya, na keshokutwa yake njano ilikuwa imepauka. Faraja yangu ni kwamba sikuwa peke yangu. Mwaka 2010 makundi ya Kazuaki Ishihara na List yalionyesha kwamba katika baadhi ya kazi zilizokwisha kuchapishwa, aliyekuwa akifanya kazi hakuwa asidi bali chumvi yake ya kalsiamu. Ishihara alionyesha pia kwamba katika mmenyuko mmoja asidi iliyooshwa vizuri na chumvi yake hutoa mikono iliyo kinyume. Fikiria: molekuli kairali ile ile, ya mkono ule ule, na jibu linageuka kwa kutegemea kama uliosha au hukuosha.

Sitaki muondoke mkidhani mambo yote yamekamilika. Kuna udhaifu wa kimsingi. Amini ni besi, yaani hupenda kupokea protoni. Ukitumia asidi kutengeneza besi, unategemea kwamba bidhaa haitaigeukia asidi na kuikumbatia isiachie. Ndiyo sababu tunapenda kuweka pete ya anisidini juu ya naitrojeni: inapunguza ubesi wa amini, asidi inabaki huru kuhudumia imini inayofuata. Lakini pete hiyo haihitajiki kwenye dawa. Mwishoni unaing'oa, mara nyingi kwa chumvi ya seriamu ya rangi ya machungwa, na siyo kidogo, ni moli kadhaa kwa kila moli ya amini. Esta ya Hantzsch nayo ina uzito wa 253, na inachopeleka ni haidrojeni mbili zenye uzito wa 2. Zinazobaki ni takataka za kutenganisha. Kuanza na amonia yenyewe, ili amini itoke bila koti la kuvuliwa, ni rahisi kuandika ubaoni kuliko kufanya.

Vimeng'enya, vichocheo vya seli hai, vinaweza, na tuvipe heshima yake. Sitagliptini, dawa ya kisukari, ilikuwa ikitengenezwa kwa haidrojeni na rodiamu. Mwaka 2010 kampuni za Merck na Codexis zilichapisha kimeng'enya zilichokibadilisha hatua kwa hatua mpaka kikaweza kuweka amini hiyo moja kwa moja kwenye ketoni. Asidi zetu hazikuwa kwenye mashindano hayo hata kidogo, na sioni aibu kulisema hilo. Nguvu yake iko mahali pengine: kwenye kujenga kaboni mpya na mkono mpya kwa pigo moja, na kwenye molekuli ambazo kimeng'enya hakijawahi kuzizoea. Tangu hapo zimekuja asidi kali zaidi, zenye upenyo mwembamba zaidi. Zile ambazo kundi la List lilitangaza mwaka 2016 zimefunga kuta pande zote, zinafanana na kimeng'enya kuliko na asidi ya chupani.

Nimezungumza vya kutosha. Modeli naiacha hapa mezani. Msiishike kwa vijiti, vinachomoka. Ishikeni kwa kuta hizi mbili, muinue mkabala na dirisha, na mchungulie upenyo kwa jicho moja. Upande wa kushoto mtaona nafasi ya jani kuingia. Wa kulia hamtaona kitu, umezibwa na matawi. Na mwenye kuona tufe mbili nyeupe chini ya viti, tafadhali aniletee.